Kifurushi cha Baba Mutuma

Juzi, nje ya uwanja wa Kinoru, niliona wazee wawili wakibishana kuhusu mabeki huku wakitafuna miraa ya kifurushi kimoja. Nilishindwa kuwapita.

Walinikumbusha alasiri moja nilipokuwa mdogo, kwetu mjini Maua, kwenye banda lililonuka majani mabichi ya mgomba. Baba alikuwa akifunga miraa ya kuuza. Redio ilikuwa imetangaza sare nyingine ya timu yetu.

"Sare inatosha," baba alisema. "Bora tusishuke ligi."

Rafiki yake, Baba Mutuma, aliruka. "Kutoshuka ndiyo kombe siku hizi? Timu inajificha golini kama imeiba!"

"Wewe utanifundisha kushinda? Mutuma wako si alifukuzwa shule?"

Baba Mutuma alichukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Baba naye akaenda kutafuta pikapu.

Baadaye kidogo Mutuma alileta kifurushi kimoja, kimefungwa vizuri kuliko vyetu. "Mpe baba yako," akaniambia, macho chini. Nilidhani ni mzigo wa sokoni, nikakitia guniani pamoja na vingine. Pikapu ikaondoka nacho, nami nikajiona msaidizi hodari.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba kwetu anayetaka mpatane hukutumia miraa, na ukinyamaza umemkataa. Baba na Baba Mutuma hawakuketi pamoja tena.

Siku tuliyomzika Baba Mutuma, baba alisema, "Angenitumia hata kifurushi kimoja tu."

Nilikuwa nikimmiminia chai. Niliendelea kumimina.