Dawa ya Mchele ya Wang'uru

Wenye walikuwako ni hawa: mimi; Nyambura, kitindamimba wangu, kibarua wa mashamba ya mchele; Njeri, jirani yake wa ploti; Muriuki, msimamizi wao; na Nekesa, nesi wa kutoka Bungoma. Niliondoka kwangu Tetu kwa sababu Njeri, ambaye kwa heshima huniita cucu, yaani nyanya, alinipigia simu: "Cucu, kuja. Nyambura anatapika, na macho haioni vizuri."

Asubuhi nilikamua ng'ombe, nikashuka. Baridi iliniacha Karatina. Sagana nikavua sweta. Kukaribia Wang'uru, kwenye Nyambura alikuwa anaishi, mchele ni kijani pande zote na maji yamejaa kwa mitaro. Nikasema, hawa watu wamebarikiwa.

Mchana nilimkuta Nyambura kitandani, mate yakimtoka. Nguo zake za kazi zilikuwa ukutani, na harufu yazo ilinichoma pua.

"Ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Kupiga mchele dawa."

Pampu ilimvujia mgongoni, hana glavu wala gamubuti. Na kwa sababu ploti, zile nyumba za kukodi, haina mfereji wa bomba, walikunywa maji ya mtaro ule ule wa shamba.

"Hospitali walisema nini?"

"Walinipa za malaria. Nesi aliuliza kama nimetumia dawa yoyote. Nikasema hapana."

Alisema ukweli. Hakuwa amemeza hata tembe moja.

Muriuki akaja mlangoni kuchukua pampu. "Ati bado umelala? Wengine wanataka hiyo kazi."

"Hiyo kitu yenu inamuua," nikamwambia. "Inaitwa nini?"

"Karatasi ya mtungi ilibanduka. Lakini ni dawa tu, cucu. Inaua wadudu. Kwani Nyambura ni mdudu?" Akacheka peke yake, akaenda na pampu.

Jioni mimi na Njeri tulimrudisha zahanati ile ile kwa bodaboda. Nekesa alinusa nguo, akashtuka. "Mbona hakuniambia alikuwa ananyunyiza sumu?"

"Uliuliza dawa, sista," Njeri akamjibu. "Hapa sumu ndiyo tunaita dawa."

Nekesa alimdunga sindano, akaita ambulensi. Haikumkuta hai.

Tulirudi Tetu na jeneza. Mwenye shamba alituma gunia la mchele la matanga. Sikupika. Kuku pia sikuwapa.

Siku hizi, wanawake wa hapa wakienda kupiga kahawa dawa, nawaambia waseme sumu, na waitishe gamubuti kabla ya kubeba pampu. Nilikuwa nafikiria maskini anakufa kwa kukosa maji ama kukosa dawa. Nyambura alikuwa amesimama ndani ya vyote viwili.

Kama nimekosea jina la mtu, anirekebishe. Na kuna neno moja zaidi. Pale zahanati, kabla anyamaze, mimi nilisikia Nyambura akisema maai, yaani maji kwa Kikuyu. Kwa chupa kulikuwa na ya mtaro tu, nikamnyima. Njeri anasema hakuomba maji, aliita maitu, mama yangu. Mwenye alisikia vizuri aniambie.