Kofi la Chifu

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliacha shule darasa la tatu, nikachunga ng'ombe wa wazungu kule Ndabibi, nikaingia Nakuru na shati moja. Kabla sijatimiza miaka thelathini na tano nilikuwa na hoteli yangu karibu na stesheni, chai na mandazi, na televisheni juu ya kabati. Wenye digrii walikuja kutazama televisheni ya mtu wa darasa la tatu.

Jumatano moja ulionyeshwa mchezo wa kuigiza. Mvua ilikuwa kubwa, na wateja walikuwa watatu tu, wapita njia. Katika mchezo huo mjane mmoja alinyang'anywa shamba, akasimama katikati ya baraza, akamzaba chifu kofi mpaka kofia ikaanguka. Nilicheka hadi nikamwaga chai.

Nilisimulia kofi hilo wiki nzima. Kisha ikatangazwa kwamba mchezo ungerudiwa Jumapili alasiri. Mwenye bucha jirani yangu, ambaye kufaulu kwangu kulimwasha, akasema mbele ya watu, "Mwanamke apige chifu, tena kwa televisheni? Unatudanganya."

"Kofi lisipokuwepo," nikamjibu, "chai na mandazi ni bure kwa kila atakayekuwepo."

Mimi sikuandikiana karatasi na mtu. Mwenye maziwa na mwenye unga waliniletea kwa mkopo, wakiniamini kwa mdomo tu. Nikiitwa mwongo, biashara imekwisha.

Jumapili hoteli ilijaa hadi mlangoni. Mjane akaingia barazani. Nikapaza sauti, "Sasa tazameni!" Picha ikaruka kidogo. Mara chifu ameshika shavu, kofia iko chini, na mjane anaenda zake.

Mwenye bucha akasema, "Ni upepo huo, bwana mkubwa. Upepo wa Menengai."

Walicheka mpaka viti vikalia. Mwenye maziwa hakucheka. Aliniangalia tu, akatoka.

Mimi nilijua ni televisheni imeharibika. Asubuhi nikaibeba hadi kwa fundi Kalasinga, nikamwambia aifungue atafute kipande kilichokwama ndani. Akafungua, akapuliza vumbi, akapokea pesa yake, ndipo akasema, "Ndugu, hii hapana haribika. Jana kwangu pia kofi hapana. Wakubwa ya serikali nakata. Lakini ile Jumatano mimi naona. Kofi mzuri sana!"

"Njoo uwaambie hivyo."

Alikuja kweli, na kilemba chake, akasimama katikati ya hoteli akaeleza, hata akaonyesha jinsi mkono ulivyokwenda. Mwenye maziwa akaitikia kwa kichwa. "Basi jamaa hakudanganya. Kesho nitaleta kama kawaida."

Nilitaka kupumua, lakini mwenye bucha alikuwa ameshakaa mezani. "Sawa, si mwongo. Lakini ulisema kofi lisipokuwepo. Lilikuwepo?"

Halikuwepo. Na neno langu ni neno langu. Kila mtu akanywa na kula, hata mmoja ambaye najua Jumapili ile alikuwa mbali, Kamere, akivua samaki. Pamoja na pesa ya fundi, kofi la chifu lilinigharimu shilingi thelathini na nne na senti arobaini.