Babu wa Kuazima

Kila asubuhi, kabla hajaisogeza mashine yake ya kufumia masweta, Zipora huhesabu watu. Hufunga uzi, hupuliza vumbi kwenye sindano, kisha husema polepole: "Zipora. Wa Martin. Wa..." Hapo hugonga meza mara mbili kwa kidole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, ndipo aanze kazi. Majirani zake wa Makambako wakisikia ko-ko wanajua kumekucha.

Kuhesabu alifundishwa na mama yake, Kristina. Katika ukoo wao, kule Njombe mjini, hakuna anayefungua kinywa kikaoni kabla ya kuhesabu watatu: yeye, baba, babu. Asiyefikisha watatu anakwenda jikoni kumenya viazi, hata awe na mvi. Zipora ana miaka sitini na nne na amemenya viazi vingi. Baba yake alikuwa Mzungu wa Ireland, fundi mitambo kwenye shamba la miti ya miwati, aliyeondoka mimba ikiwa ya miezi saba. Kristina alijua mambo mawili tu: kwao alikuita Clare, huko Ireland, na baba yake alikuwa mhunzi.

Hayo yasingemsumbua uzeeni kama mjomba wake Amon asingefariki mwezi wa sita. Elius, mtoto wa Amon, akapata mnunuzi wa shamba la ukoo lililoko mtaa wa Ramadhani, mtu wa parachichi, anayelitaka lote bila kubakiza kipande. Na ndani ya shamba hilo amelala Kristina.

"Kaburi tutalihamisha," Elius alimwambia kwenye simu. "Ni mifupa tu, dada."

"Mifupa tu?"

"Kama una neno, kikao ni Jumamosi, wiki tatu zijazo. Lakini uhesabu kwanza. Tunakujua, ukifika kwa Martin unakwama."

Ndipo Zipora alipokwenda kwa Davis, kijana mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi, akamweleza yote.

"Mama, hao watu wa Ireland walihesabiwa nyumba kwa nyumba mwaka 1911," Davis alisema baada ya kuchokonoa kompyuta. "Karatasi zote zimewekwa mtandaoni, bure. Jina la ukoo?"

Zipora akamsukumia cheti chake cha ubatizo: Zipora Martin.

Akina Martin walikuwa wengi ajabu. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na Zipora hakutoka kwenye kiti. Siku ya kumi na moja Davis akapiga yowe. Michael Martin, mhunzi, Clare. Mke mmoja, watoto sita, wavulana watatu, mmoja wao huenda ndiye baba yake, wa mwisho ana miaka miwili. Akaikuza karatasi mpaka wino ukajaa kioo. Pale pa sahihi hapakuwa na jina. Palikuwa na alama ya msalaba, ya mtu asiyejua kuandika.

Zipora, aliyeishia darasa la nne, akaugusa ule msalaba. "Babu," akasema. Davis akajifanya anatafuta stepla.

Asubuhi zilizofuata hakugonga meza.

Sasa Davis, kwa bidii yake, alikuwa amemwandikia mama mmoja wa huko Clare anayetunza habari za familia za zamani. Jibu likaja Ijumaa saa tisa mchana, kikao kikiwa kesho yake.

"Anauliza swali," Davis alisema, akikuna kichwa. "Huyo Martin, ni jina lake mwenyewe au la ukoo? Anasema kwao mtoto habebi jina la kwanza la baba. Wote wanabeba la ukoo, vizazi na vizazi."

Zipora akamfikiria binti yake, Erica Valeriani. Valeriani ni jina alilobatizwa marehemu mumewe. Karani wa misheni aliandika watoto wote hivyo, kwa jina la kwanza la baba. Halafu akakumbuka mama yake alivyokuwa akimtaja yule fundi. Wazungu wengine wote wa shamba walikuwa Bwana fulani. Yeye peke yake alikuwa Martin, kavu, kama mke anavyomwita mumewe ndani ya nyumba.

"Ni jina lake mwenyewe," alisema. "Huyu mhunzi si wetu, Davis."

"Tutafute upya?"

"Kwa jina gani? La ukoo hata mama hakulijua."

Davis akachukua karatasi iliyochapwa, akaikunja vizuri, akamwekea mkononi. "Mama, nani atajua? Michael hatapanda basi kuja kukukana."

Zipora hakucheka. Lakini karatasi hakuirudisha.

Kesho yake Ramadhani ilikuwa imejaa ukungu. Watu walikaa kwenye mabenchi nje ya nyumba ya marehemu Amon. Elius akampokea kwa sauti ya juu: "Kamwene, dada! Jiko liko kule, viazi vinakuulizia." Watu wakacheka.

"Mwache," alisema mzee Nahumu, mkubwa wa ukoo. "Hesabu, mwanangu."

Zipora akatazama shambani. Miguuni pa kaburi la mama yake walikuwa tayari wamechomeka mti wa kupimia, umepakwa rangi nyekundu.

"Zipora," akasema. "Wa Martin." Kidole chake kikagusa benchi, kikagonga mara moja. Elius akaanza kutabasamu. Mara ya pili hakikugonga.

"Wa Michael, mhunzi."

Karatasi ikapita mkono kwa mkono. Nahumu akavaa miwani, akaisoma hadi kwenye ule msalaba. "Ana babu," akasema. "Mtu wa kufua chuma. Sema, mjukuu wa Michael."

Zipora alisema maneno machache: kaburi lisiguswe, na hatua ishirini kila upande zisiuzwe. Mikono ikanyanyuka, hata wa Janeth, mama yake Elius. Elius akahesabu mikono mara mbili, kisha akasema, "Haya. Mnunuzi nitamwambia."

"Na Krismasi uje mapema," Nahumu alisema, amefurahi kweli. "Uwahesabie watoto huyo Michael. Wamjue. Kila kikao utaanza wewe, maana umetoka mbali."

Zipora akaitikia kwa kichwa. Akaenda kaburini, akang'oa ule mti, akaulaza chini, akasimama kidogo. Kaburi alilikomboa kwa babu wa kuazima; kuwahesabia watoto babu huyo asingeweza.

"Dada, chakula!" Elius aliita, sasa kwa sauti ya ndugu. "Njoo bwana, viazi wamemenya wengine leo!"

"Nanawa kwanza."

Akaupita mkebe wa maji. Akapita kwenye upenyo wa ua bila kugeuka, akashika barabara ya stendi ndani ya ukungu. Sahani yake waliifunika kwa sahani nyingine, ikakaa mpaka jioni. Hakurudi, si siku ile, si Krismasi.