Malipo ya Siku Ileile

Kwanza nilisikia: tak, tak-tak, kimya, kisha tak moja nzito. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, katika benki moja ya katikati ya mji, Lubumbashi. Nyuma ya ukuta wa mbao, Shefu wa Mikopo alikuwa akibonyeza kikokotoo chake cha fedha. Alinionyesha vitufe vitano: idadi ya malipo, riba, kiasi cha mkopo, malipo ya kila mwezi, salio la mwisho.

"Ukijua ine, ya tano inajileta," alisema. "Lakini weye mutoto, usiiabudu hii mashini. Inajibiaka tu ile umeiuliza."

Miaka minne baadaye vidole vyangu vilikuwa vyepesi kuliko vyake, nami nilijua hivyo. Nikahamishiwa Kasenga, kwenye tawi la wafanyabiashara wa samaki. Mkuu wa tawi, tuliyemwita Jeran, aliniagiza nitengeneze majedwali ya malipo. Nilimaliza kabla chai yake haijapoa.

Mama Chanda, muuza samaki, alikopa dola elfu mbili kwa riba ya asilimia tatu kwa mwezi. Jedwali langu lilimtaka alipe mara kumi na mbili, mia mbili na moja kila mara. Dhamana ilikuwa injini ya mtumbwi wake. Alilipa mara kumi na moja bila kukosa. Mara ya mwisho alileta mia moja na ishirini tu, na Jeran akaamuru injini ichukuliwe kesho yake.

"Baba, miye sikusoma," Mama Chanda aliniambia, akiegemea kaunta. "Lakini ile siku mulinipa zile dola, nililipa ya kwanza hapa hapa, mbele ya kutoka. Haikulala kwangu hata siku moja. Mulinihesabia riba yake ya nini?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Lubumbashi mteja huanza kulipa mwezi ukiisha. Kasenga, kwa kuwa watu huenda mtoni wakapotea wiki nyingi, desturi ya tawi ilikuwa kulipa awamu ya kwanza siku ileile ya mkopo. Kikokotoo kina alama ndogo ya kuchagua: malipo ya mwanzo wa mwezi au ya mwisho. Yangu ilikuwa bado mwisho, kama nilivyotoka nayo mjini. Nikaibadilisha. Ikatoa mia moja tisini na tano. Nikaingiza yote aliyokwisha kulipa: deni lililobaki lilikuwa mia moja kumi na saba.

Nikaingia kwa Jeran. "Jedwali ni yangu, Shefu, na kosa ni yangu."

"Na bale bakopaji bengine bote?"

"Nitabahesabia upya, moja moja."

"Unajua Lubumbashi batasoma jina yako mu ripoti?"

"Basome."

Walisoma, na bado nilifanya kazi hiyo hadi kustaafu. Leo vijana wana simu zinazokokotoa kila kitu, nami nawaheshimu. Nawaambia jambo moja tu: kabla ya kubonyeza, muulize mtu aliye mbele yako analipa lini, hasa siku gani. Mimi nilifundishwa hilo na mwanamke aliyesema hakusoma.

Siku ile nilimpa Mama Chanda risiti, karatasi ya dhamana yake na dola tatu. Alizihesabu mara mbili.

"Kumbe mashini nayo inakulaka dola za batu!" alisema.

Akaifunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.