Uso wa Imakulata

Renatus Qamara ni jirani yangu hapa Tlawi, na ni mtu mkaidi kuliko wote niliowahi kuwapikia chai. Nasema kuwapikia, sisemi kunywa nao. Anakuja na kikombe chake cha bati, amekifunga kwa mpira kwenye baiskeli. Namimina, anakunywa amesimama uani, anasema asante mama Sulle, anaondoka. Ndani kwangu hajaingia hata mara moja.

Kwetu mtu aliyegusa msiba hukaa pembeni mpaka siku zake ziishe. Haingii nyumba za watu, hali nao sahani moja. Kanisa limetubadilisha mengi, hilo bado limo ndani yetu. Na kazi ya Renatus ni makaburi. Kabla siku za msiba huu hazijaisha, anaitwa kwenye mwingine. Basi siku zake haziishi. Mke hakupata, na watu wa kumwambia habari za asubuhi ni wa kuhesabu.

Hakuanza na makaburi. Soko lilipokuwa huria na kila mwenye chochote akafungua duka, rangi zilijaa dukani kwa Zubery kule Mbulu mjini, na Renatus akawa fundi wa vibao: duka, kinyozi, mashine ya kusaga. Baadaye watu wakaanza kujengea makaburi kwa saruji, wakamwita aandike majina. Siku moja hakuishia kwenye jina, akachora na sura ya marehemu kwa rangi ya mafuta. Mzee yule alifanana hasa, mpaka wajukuu wake wakamwamkia shikamoo. Tangu hapo kila mwenye msiba akamtaka Renatus. Walimtaka kaburini tu, lakini.

Ndipo akafa Imakulata, binti wa Judica, mke wa Alfredi. Alfredi alisema mkewe aliteleza kwenye mteremko na mzigo wa kuni. Labda. Sikuwepo, wala Renatus hakuwepo. Lakini uso ulipofunuliwa tuage, chini ya jicho la kushoto palikuwa na jeraha jeusi lililoshuka mpaka shavuni, na alama ya mkono wa mtu inafahamika. Watu waliangalia, wakajikausha, wakala ugali wa msiba, wakaenda zao.

Renatus naye aliangalia, maana ndivyo anavyofanya kazi: anasimama miguuni pa jeneza mpaka uso umwingie. Alfredi mwenyewe ndiye aliyemwagiza amchore. Rangi ilipokauka, ukoo ulikwenda kwenye makaburi ya kigango, wakamkuta Imakulata anawatazama, mzuri, mtulivu, na lile jeraha chini ya jicho.

Makubwa yalianza hapo. Wengine walisema fundi amemdhalilisha maiti. Wengine walisema amesema kweli bila kufungua mdomo. Alfredi alikwenda kushtaki, Renatus akalala mahabusu, na kesho yake wazee wa usuluhishi wakatuita wote. Alfredi hakuwa mkali, hilo lazima niseme. Alisema kwa upole, "Aondoe lile doa tu. Sura ibaki. Kwangu yataisha."

Judica akainuka. Mwanawe hakuwahi kupigwa picha; ile ya kaburini ndiyo aliyokuwa nayo, na kila jioni alikwenda kuitazama. Alimwendea Renatus akamwambia, "Baba, liondoe. Nakuomba. Niachie uso wa mwanangu."

"Shikamoo mama," Renatus akasema, maana hawakuwa wamesalimiana.

"Marahaba. Liondoe."

"Nikiliondoa si yeye, mama. Mimi nilimchora alivyoondoka."

Nilitaka kumzaba kofi. Kugusa mara moja tu kwa brashi, na mama yule angebaki na kitu. Lakini kichwa chake ni jiwe. Wazee wakachoka, wakaamua: afute sura yote kwa mkono wake mwenyewe, la sivyo aende mahakamani akafungwe. Judica alitoka bila kumtazama, naye ndiye aliyekuwa akimsalimia kila siku makaburini.

Alfredi alileta chokaa iliyobaki alipopaka nyumba yake. Renatus akachungulia ndoo.

"Ni chokaa hii?"

"Paka," Alfredi akamwambia.

Renatus akapaka. Alipaka vizuri, taratibu, mpaka ukuta wa kaburi ukawa mweupe wote. Judica alisimama mbali, amejifunika khanga mdomoni.

Baada ya hapo kazi za vibao zilikatika. Mkoa wetu mpya wa Manyara ulipozaliwa, kila kibao kilichoandikwa Arusha kilitakiwa kuandikwa upya, shule, ofisi, zahanati. Ulikuwa mwaka wa neema kwa fundi rangi. Walimleta mtu kutoka Babati. Renatus alikuwa akipita na baiskeli, anasimama, anaangalia herufi za yule mgeni, anaondoka. Niliumia kumtazama.

Kisha mvua za kwanza zikanyesha, usiku kucha na mchana wake. Chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki. Fundi yeyote anajua, na Alfredi si fundi. Ilichuruzika yote ikaingia kwenye majani. Judica alipofika makaburini, mwanawe alikuwa anamtazama, na jeraha lake.

Siku hiyo nilimwona akipita kwangu kwenye tope, amelowa, mpaka kwa Renatus. Akapiga hodi, akaingia. Mlango ulibaki wazi. Renatus hakuwa na kikombe cha mgeni, angekuwa nacho cha nini? Judica akachukua kile cha bati mkononi mwake, akanywa, akamrudishia, naye akanywa. Mimi, mama wa watu, nililia juu ya mboga zangu.

Kiangazi Alfredi alipaka tena, chokaa ileile. Judica hakuonekana mpaka mvua ziliporudi, na sura ikarudi, na yeye akarudi, chai moja, akaenda zake. Sasa ndivyo ilivyo. Huyo ndiye mgeni wake, na anakuja na mvua.

Mwaka huu zimechelewa. Watu wanalilia mahindi yao. Renatus amekisugua kile kikombe kwa majivu mpaka kinang'aa, na kila asubuhi anasimama uani kwangu ananiuliza nayaonaje mawingu. Mtu hana hata tuta moja la viazi.