Mchoro Niliomwachia Masanja Mezani

Nimekosa, na shetani simsingizii. Penseli niliishika mwenyewe.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Geita, nikawa natengeneza redio kwenye meza ya mama, kando ya sufuria ya maharage. Masanja, aliyekuwa na kibanda cha ufundi Kalangalala, akinikuta mlangoni huniuliza, "Bi harusi, leo umetolewa nje?" Watu wanacheka. Nami nacheka, moyoni namwekea.

Huyo huyo alikuwa akija kunywa chai kwetu, na akiondoka ameshanakili michoro yangu ya umeme, mstari kwa mstari, bila kujua unafanya nini. Kisha anajisifu kabuni mwenyewe!

Siku moja akapata kazi ya zahanati ya Nkome: kisanduku cha kushusha umeme wa betri za lori, volti ishirini na nne ziwe kumi na mbili, kwa ajili ya redio ya upepo, ile ya kuitia gari la hospitali. Nilijua atakuja. Nikamwandalia.

Chipu inayouwasha na kuuzima umeme ndani ya kisanduku kile inataka utulivu. Njia yake ya ethi, ile ya kurudishia umeme, huchorwa peke yake, ikakutane na ethi ya umeme mkubwa mahali pamoja tu. Mimi nikazipitisha zote kwenye njia moja, nyembamba, ndefu. Ukijaribu kwa balbu ndogo, safi kabisa. Redio ikivuta umeme mwingi, chipu inachanganyikiwa, redioni kelele tupu.

Loo, nilivyofurahi akinakili! Nilitaka aaibike tu.

Lakini nilijua dada yangu, Mama Kulwa, kaolewa Nkome na ana mimba. Nilijua! Hasira haikuniuliza.

Uchungu ulipomshika, mtoto alikuwa amekaa vibaya. Muuguzi aliita gari la hospitali asubuhi nzima. Kila akibonyeza redio aongee, mluzi tupu. Wakambeba kwa baiskeli. Dada alipona. Mtoto hakupona.

Msibani Masanja alinivuta pembeni, macho mekundu. "Kaka, nionyeshe nilipokosea."

Hakuwahi kuniita kaka.

"Ulinunua transista mbovu," nikamjibu.

Hata pale, jamani, bado nilikuwa namlipiza! Alifunga kibanda, akaenda kuchimba dhahabu Bulyanhulu.

Wewe uliyemtegea mtu ndani ya kazi ya mikono yako, nenda kautegue mtego huo leo, kabla chombo hakijawashwa. Mimi nimechelewa. Nikienda Nkome, dada yangu hunipakulia ugali huku akimlaani Masanja, nami nanawa mikono, nakula, simkatizi.