Sambusa Isiyofungwa

Mwanafunzi mwenzangu Mmarekani alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake. Wiki ya sita huko Guangzhou, China, alikuwa akiishi kwa biskuti na chai, na mtihani wa Kichina ulikuwa umebakiza mwezi mmoja. Bila yeye nisingefaulu. Yeye alishika maandishi, mimi nilishika matamshi, kila mmoja akambeba mwenzake.

Nilimuuliza angekula nini kama angepewa nafasi ya kuchagua. Akasema taco.

"Hicho si chakula cha Wamexico?"

"Ndiyo. Kwetu hakuna anayejiuliza."

Mimi najiuliza kila kitu. Nadhani nyumbani walipumua niliposafiri.

Nikampeleka Xiaobei, mtaa wenye Waafrika wengi, kwa mama mmoja wa Dar es Salaam aliyewapikia wafanyabiashara chumbani kwake. Nikamweleza mama: mkate mwembamba, unakunjwa, unakaangwa hadi ukauke, ndani nyama ya kusaga na saladi. Akaitikia, akaingia jikoni, akarudi na sinia. Zilikuwa sambusa za rangi ya dhahabu, na kingo zote zimegandishwa kwa uji wa ngano.

Mmarekani akaigeuzageuza moja. "Mwambie taco huwa hazifungwi."

"Zisipofungwa nyama itamwagika," mama alisema.

Nikatafsiri. "Inamwagika kweli," akakubali. "Hata kwenye suruali."

"Na watu wanalipa? Mwanangu, huyu mwenzako kalelewa wapi?"

Hata hivyo alirudi jikoni kukaanga nyingine. Tukisubiri, Mmarekani akanisimulia. Bibi yake aliogopa pilipili, na mikahawa ya Wamexico hakuwahi kuikanyaga. Kisha kando ya barabara kuu likafunguliwa dirisha la kuuzia taco. Mikate ilikuwa imekaangwa mapema. Unaagiza, unapewa hapohapo, unakula garini. Nyama ilikuwa ya kusaga, kama ile aliyoizoea kwenye hambaga, pilipili ya kuonjesha tu, bei ya chini. Mji mzima ukaanza kupanga foleni.

"Wamexico nao walikula hivyo?"

"Wengi walikula mkate laini."

"Basi mlikula chakula chenu, mkakipa jina la jirani."

Akafikiri. "Labda. Lakini miaka michache baadaye bibi alibisha hodi kwa jirani mwenyewe, akauliza huo laini unapikwaje."

Hilo nikamkubalia, jambo nisilolifanya mara nyingi.

Mama akaleta sinia la pili, zote wazi, uso wake kama wa mtu aliyemwandalia mgeni kwenye sahani yenye ufa. Mmarekani alikula saba. Nyama ikamwangukia kwenye suruali, mama akatazama pembeni. Tulipofika barabarani mwenzangu akaniuliza, "Kesho tunasoma saa ngapi?"

Tulifaulu wote wawili. Lile jina la Kimexico bado nalitilia shaka. Lakini yule mama namshukuru hadi leo: aliamini kabisa kwamba ile ni sambusa iliyoharibika, na bado kila Jumamosi, hadi siku ya mtihani, alituachia zikiwa wazi.